Mche Tulioupanda Mlangoni pa Mtu

Kama wewe ni mmoja wa wale wanaosema "siku hiyo ulikuwa na malaria," nakuomba uishie hapa. Nimeshaambiwa vya kutosha. Padri amesema lake, mume wangu amesema lake, na muuguzi wa zahanati amenipima damu mara tatu asione kitu. Sikuwa na homa, sikuwa na njaa, wala haikuwa usiku. Ilikuwa mchana, jua liko utosini. Haya yalinipata mimi mwenyewe, ukingoni mwa msitu wa Kigwena, na hadi leo ninapoandika bado yananipata.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimekaa nyumbani Gatete nikimsaidia mama kukamua mawese. Shirika moja la kutunza misitu likatangaza kazi za likizo kubwa kwa vijana: miezi miwili, kupanda miti ya asili kwenye kipande cha hifadhi ambacho zamani kiliwahi kulimwa. Tulichaguliwa kumi na wawili. Tukaambiwa kwamba mwishoni mmoja wetu atabaki kuwa mlinzi wa msitu, kazi ya kudumu, na atapewa sare na buti. Nilizitaka buti zile, usinicheke. Nilizitaka kuliko kitu chochote.

Sasa sikia upuuzi wa kwanza. Likizo kubwa kwetu ni kiangazi. Mvua inaanza shule zikifunguliwa. Mtu yeyote mwenye jembe kuanzia Muhuta mpaka Rumonge anajua kwamba mwezi wa nane hupandi mti. Lakini mradi ulikuwa wa vijana wa likizo, na vijana wa likizo wanapatikana likizo, basi na miti ikapandwa likizo. Tulibeba maji kwa bidoni kutoka mtoni, lita ishirini kichwani, tukamwagilia miche kwenye vumbi. Nikimuuliza msimamizi wetu, Shefu Deo, ananijibu, "Programu ni programu." Hasira ilikuwa inanipanda kila asubuhi kabla hata sijashika jembe.

Shefu Deo alikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa wenyewe ni mstari. Alikuwa na kamba yenye mafundo, kila mita tatu fundo, kila fundo shimo. Anachuchumaa mwisho wa mstari, anafumba jicho moja, na mche ukipinda kidogo tu, unachimba upya. Ila alikuwa na sheria moja ya maana. Ukichimba ukakuta dalili za makazi ya zamani, mafiga, vyungu au mifupa, unaacha, unamwita, na shimo lile linarukwa. Watu waliishi pale kabla ya kukimbia mauaji, kila mtu analijua hilo, na yeye alisema hatapanda mti juu ya nyumba ya mtu.

Mstari wa saba, shimo langu la kumi na moja, sururu ikagonga jiwe. Nikalitoa. Nilipopanua shimo nikakuta la pili, kisha la tatu. Mawe matatu, kila moja lina masizi upande mmoja. Niliyajua papo hapo. Nani asiyeyajua mafiga? Lakini jua lilikuwa kali, wenzangu walishanipita na walikuwa wananitania kwa sauti, na kumwita Shefu Deo maana yake ni kupima mstari mzima upya. Nikayabeba moja moja, nikayatupa korongoni. Nikapanda mche, nikashindilia udongo. Hakuna aliyeniona.

Kesho yake tulikuta mche ule umeng'olewa. Haukutupwa. Ulikuwa umelazwa kando ya shimo, mizizi imefungwa vizuri kwa jani bichi la mgomba, bado ina maji. "Nyani," akasema Shefu Deo. Nyani! Nyani gani anayefunga mizizi ya mti ili usife? Nikapanda tena. Siku iliyofuata, vilevile. Basi ikaamuliwa kwamba, kwa kuwa shimo ni langu, wenzangu wakienda barabarani mchana kula maharage na ndagala, mimi nibaki nilinde. Nilikaa chini pale na viazi vyangu vya baridi, nimenuna.

Ndipo akaja yule mama. Alitokea upande wa msitu, amebeba mzigo mkubwa wa kuni kichwani, kitenge kimefifia hadi maua hayaonekani. Nikamwona kama mwanamke yeyote wa huku anayerudi nyumbani. Akafika kwenye mche, akasimama.

"Amahoro, mutoto yangu."

"Amahoro, mama."

"Huu muti muliupanda ku mulango yangu. Sasa mi nitaingilia wapi?"

Niamini, sikuogopa hata kidogo. Nilichoka tu. Tangu mradi uanze, watu walikuwa wanakuja kila wiki kulalamika: huyu shamba lake, yule michikichi ya babu yake. Tulifundishwa jibu moja la kuwapa wote.

"Mama, hapa iko hifadhi. Hakuna nyumba. Kama uko na maneno, nenda ku biro ya shirika, Rumonge. Ubebe na makaratasi."

"Makaratasi gani? Nyumba yenyewe njo karatasi."

"Mi siko shefu, mama. Nenda ku biro."

Mzigo bado ulikuwa kichwani kwake. Nikamwambia autue apumzike. Akasema hawezi kuutua nje, kuni zinatuliwa ndani. Nikainama kuchukua kiazi, nilipoinua kichwa alikuwa ameshaondoka. Hata hilo halikunishtua, maana nilifurahi kwamba ameniacha nile.

Kesho yake mchana akarudi. Kuni zilezile, kitenge kilekile. Mche ulikuwa umeng'olewa tena asubuhi na mimi nilikuwa nimeupanda tena, mikono inaniwasha kwa malengelenge.

"Nilienda ku biro," akasema. "Niliikala ku benchi toka asubui. Watu banapita, banapita. Hakuna hata moja aliniuliza shida yangu."

Sasa wewe niambie, hapo ungeshuku nini? Kila mtu aliyekwenda ofisini kwa jambo la ardhi hurudi na maneno hayohayo. Mama yangu mwenyewe alirudi nayo. Sisi ni watu wa kurudi kutoka Tanzania. Mimi nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi kule, na tuliporudi tulimkuta mtu mwingine analala katika nyumba ya wazazi wa mama. Nilikuwa msichana mdogo, nimeshika kitenge chake, nikimsikia anaulizwa shahidi wako nani, mama, shahidi wako nani. Mashahidi wake wote walikuwa wamekufa. Na mimi, mtoto wa mama huyo, unajua nilimwambia nini yule mwenye kuni?

Nikamwambia, "Basi leta shahidi, mama. Mutu alijua nyumba yako. Bila shahidi hakuna kitu naweza kufanya."

Hakukasirika. Akanionyesha kwa mkono, taratibu, huku ameshikilia mzigo kwa mkono mwingine. Hapa mlango. Pale kitanda. Kule mbuzi. "Na mafiga ilikuwa hapa, ukiingia tu."

Nikakiweka kiazi chini. Alikuwa ameonyesha palepale nilipoyatoa.

Siku ya tatu nilijikaza nisimwangalie. Alikuja, akasimama upande wake wa mche. Ndipo nilipoona kitu ambacho ningepaswa kukiona tangu mwanzo: hakuwahi kuupita mche ule. Siku zote tatu alisimama ng'ambo yake, kama mtu aliyefungiwa nje kwake.

"Shahidi nilimupata," akasema. "Shahidi njo wewe. Mafiga yangu uliishika na mikono yako."

Sikuwa nimemwambia mtu. Nikataka kumjibu, lakini nyuma yangu nikasikia miguu. Shefu Deo alikuwa anarudi mapema, na pamoja naye wageni wawili kutoka makao ya shirika, waliokuja kukagua mistari na kumchagua huyo mmoja atakayebaki.

"Unasema na nani?" Shefu Deo akaniuliza.

"Na huyu mama."

"Mama gani?"

Yule mama alikuwa amesimama mbele yake, hatua mbili tu. Kuni zile ningeweza kuzihesabu. Shefu Deo akatazama palepale, akatazama msitu, akanitazama mimi. Wageni wakacheka kidogo.

"Huu mche unang'olewa kila siku," Shefu Deo akawaeleza wageni. Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Wakati ulichimba hapa, uliona kitu? Mafiga, vyungu? Sema tu. Tunaruka shimo, tunasongesha mstari, basi."

Unaelewa? Ilikuwa neno moja. Ndiyo. Ningesema ndiyo, mche ungehamishwa mita moja, na yule mama angeingia kwake akatua kuni. Hakuna ambaye angekufa. Lakini ningesema ndiyo, ningeulizwa mawe yako wapi, kwa nini ulinyamaza, na wageni wako pale na daftari. Nikamwangalia yule mama. Hakuniomba. Alikuwa anasubiri tu, kwa utulivu wa mtu ambaye hatimaye amepata shahidi.

"Hapana, shefu," nikasema. "Iko udongo tu."

"Vizuri. Ushindilie sawasawa."

Nikaushindilia kwa kisigino mbele ya macho yake. Yule mama akasema, "Sawa, mutoto yangu. Murakoze." Murakoze, ananishukuru! Angenitukana ningepumua. Akausawazisha mzigo kichwani, akajaribu kuingia. Goti lake likagonga mche. Akarudi nyuma, akajaribu upande upande, kuni zikakwama mahali ambapo mimi sikuona kitu cha kuzikwamisha. Akajaribu tena. Shefu Deo alikuwa anawaeleza wageni kuhusu kamba yake, na mimi nilikuwa nimesimama na jembe, namwangalia mwanamke akishindwa kuingia nyumbani kwake. Kisha hakuwepo.

Mche haukung'olewa tena.

Jioni ile nilipofika nyumbani nilijikwaa mlangoni nikaanguka kifudifudi ndani. Nikatazama chini. Hapakuwa na kitu. Mama akanicheka, kisha akaona uso wangu, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Wakati ule wa mauaji, akasema, watu wengi walitoka kuokota kuni tu, hawakurudi. Halafu akaniuliza, "Na wewe ukamuuliza shahidi? Wewe?" Hakunisemesha siku nne.

Kazi? Hawakumbakiza mtu. Mradi ulifungwa, sare na buti zikaenda sijui wapi. Miche mingi ilikauka kabla ya mvua. Mmoja ninaoujua mimi haukukauka, na najua kwa sababu ninauhisi.

Ninauhisi kila mlango ninaoingia. Mwaka ule ulikuwa unanigonga vifundo vya miguu. Mwaka uliofuata, magoti. Siku ya harusi yangu, nikiingizwa kwa wakwe mbele ya watu wote, ulinigonga tumboni nikarudi nyuma hatua mbili, na mama mkwe hadi leo anaamini nilikuwa naikataa nyumba yake. Ufanyeje uwaeleze watu jambo kama hilo? Sasa umenipita kimo. Kila mlango naingia ubavu ubavu, naparuzwa bega na kitu kigumu chenye magamba, na kila masika nafasi inapungua. Wanaonijua wananiita mwendawazimu, wasionijua wananiita mwenye maringo.

Nimejaribu, usidhani nimekaa tu. Nilikwenda korongoni kutafuta mawe yale. Mvua ilishayachukua. Nilikwenda msituni na panga. Nikahesabu mistari, nikahesabu miti, ikanitoka hesabu tofauti kila mara, na mlinzi wa hifadhi akanikamata. Nikaenda ofisi ya shirika nikaomba mti mmoja tu ukatwe, ule wa mstari wa saba. Kijana wa mezani, mpole sana, akaniuliza kwa nini. Nikamwambia palikuwa na nyumba ya mtu. Akaniomba karatasi. Sina. Akaniomba shahidi. Nikasema ni mimi. Akafungua faili la zamani, akanionyesha jina langu na maneno niliyoyasema siku ile mbele ya wageni: udongo tu. Nilitaka kupasua meza ile kwa kichwa.

Nina binti, ameanza kutembea mwezi uliopita. Juzi nilikuwa ndani nasonga ugali, yeye anachezea uani. Nikamwita. Akaja mbio za kupepesuka, na alipofika mlangoni akapunguza mwendo, akanyoosha kiganja mbele, akakiweka juu ya kitu hewani. Kisha akazunguka, ubavu ubavu, akaingia. Sijamfundisha. Nimejitahidi siku zote asinione nikiingia. Nikauacha ugali ukaungua.

Wewe unayesoma, labda na wewe umepewa kazi yenye kamba na mafundo. Atakuja mtu akuambie hapo uliposimama ni mlangoni kwake. Usimwombe karatasi. Sogea kwanza apite.