Trekta la Kupita Katikati ya Michungwa

Mke wangu alitembea mbele ya ng'ombe, mimi nikashika jembe nyuma. Ndivyo tulivyolima tangu nimuoe. Maisha yetu yote nimeutazama mgongo wake. Akiinua mkono wa kulia, nakata kulia. Akisimama ghafla, najua kuna jiwe. Hatukuwa watu wa maneno mengi, na kazi ile haikuyataka.

Alipofariki, ng'ombe waligoma. Nilimweka jirani mbele yao, wakasimama tu wakimtazama. Nikamweka mwanangu, wakalala chini na nira shingoni. Mwanangu aliwapigia kelele. Mimi sikuwapigia. Niliwaelewa. Tukawauza.

Lakini majani hayana habari na msiba. Mvua ilinyesha, yakaota mpaka magotini.

Habari ya trekta aliileta mwanangu. Ana pikapu ya kubebea mizigo ya watu, anajua injini, na anapenda kutoa amri tangu mdogo. Dada zake walimpa jina la Meneja kabla hajaota meno ya pili, likamganda. Alikuja jioni moja, akakaa kwenye kiti cha mama yake bila kukiangalia, akasema pesa ya ng'ombe ipo, yeye na dada zake wataongezea, tununue trekta.

Nilikubali. Nimelima kwa ng'ombe tangu sijui kufunga kifungo cha shati, lakini miguu yangu haitaki tena.

"Basi tunachukua lile kubwa," alisema.

"Kubwa kiasi gani?"

"Kubwa, Baba. Lenye magurudumu ya nyuma yanayokuzidi kimo. Shamba la chini linakwisha kwa siku moja. Tunamweka dereva, wewe unakaa kibarazani."

Mashamba yetu ni mawili. La chini ni la mahindi. Udongo wake ni mweusi, mzito, unanata kwenye jembe kama ugali mbichi. Kwa huko alisema kweli, panataka nguvu. La juu, nyuma ya nyumba, ni la michungwa. Ile michungwa aliipanda mke wangu, mche mmoja mmoja, maji kichwani. Mimi nilichimba mashimo tu. Aliipanda karibu karibu kuliko inavyoshauriwa, akasema eneo ni dogo na hamu yake ni kubwa. Sasa matawi yamepanuka. Katikati ya mistari kumebaki uchochoro.

"Na kule juu litapitaje?" nikamuuliza.

"Tutang'oa mstari mmoja, tuache mmoja."

Alisema hivyo kama mtu anayesogeza viti sebuleni. Nilitoka nje nikakaa na majani yangu.

Usiku ule sikubishana naye hata kichwani. Nilijiambia kitu kimoja: haung'olewi mti. Kama kuna trekta linalopita, nitalinunua hilo. Kama halipo, nitapalilia kwa mkono mpaka nianguke.

Asubuhi niliingia banda la vifaa. Futi ya kupimia sina, na tarakimu zake hatujawahi kuelewana. Nira ninazo, mbili. Nikachukua mojawapo, nikaenda nayo kwenye michungwa, nikailaza chini kutoka tawi hadi tawi. Iliingia, na pembeni ikabaki nafasi ya ngumi kila upande. Nilirudia mstari kwa mstari. Ni hivyo hivyo. Kwa hiyo trekta lolote lisilozidi nira yangu kwa upana litapita. Nikairudisha bandani, nikaitundika.

Siku ya kwenda yadi ya matrekta nilimwita shemeji. Ni mdogo wake marehemu, fundi wa magari, watu wanamwita Grisi kwa sababu hata kwenye harusi za watu mikono yake ilikuwa myeusi. Nilimtaka awepo kwa sababu ya injini. Na kwa sababu anacheka kama dada yake.

Nilichomoa nira bandani, nikaipakia nyuma ya pikapu. Meneja akaiangalia.

"Baba, hiyo ya nini? Tunakwenda kununua trekta, hatuendi kulivuta."

"Endesha gari," nikasema.

Yadi yenyewe ni uwanja wa kokoto uliozungushiwa waya. Matrekta yamepangwa mistari miwili, makubwa huku, madogo kule. Mwuzaji alikuwa mama mmoja wa makamo, buti miguuni, funguo kiunoni zinalia akitembea.

"Karibuni wazee wangu."

"Mzee ni huyu," akasema Grisi. "Mimi bado natafuta mchumba."

"Haya, karibu mzee. Na wewe bwana harusi, usiguse rangi kwa mikono hiyo."

Nilimpenda papo hapo. Hakuanza kusifia bidhaa. Aliniuliza, "Mzee wangu, kazi gani utaifanya kila wiki, na ipi mara moja kwa msimu?"

Sikuwa nimefikiria hivyo. Nikamwambia: kila wiki ni kukata majani kwenye michungwa, kupulizia dawa, kuvuta tela la machungwa hadi barabarani. Mara moja kwa msimu ni kulima shamba la chini.

"Udongo gani?"

"Mweusi. Unanata."

Alikunja uso. "Dogo linakutosha kwa hizo za kila wiki. Mafuta linakunywa kidogo, ni jepesi, haligandamizi mizizi. Lakini kwa udongo huo sikudanganyi, litahangaika. Ukilifunga plau nzito litakaa linachimba shimo lake lenyewe."

"Unaona?" akasema Meneja. "Kubwa linafanya yote mawili. Kinachogomba ni miti tu."

Nikaenda kuichukua nira.

Nililaza nira nyuma ya trekta kubwa, chini usawa wa magurudumu. Yalitokeza pande zote, mbali. Sikushangaa. Nikaenda kwa dogo. Ni dogo kweli, kiti chake kinanifika kifuani, limekaa kama mbuzi kati ya mafahali. Nikailaza nira.

Magurudumu yakatokeza.

Niliiweka tena, nikainyoosha vizuri. Yakatokeza tena, huku na huku. Yule mama akasema ndilo jembamba kuliko yote aliyonayo. Grisi alichuchumaa, akaitazama nira, akaligusa gurudumu.

"Baba," akasema Meneja, na safari hii hakutoa amri, alisema taratibu. "Hata dogo halipiti. Tukinunua hili au lile, miti itapunguzwa tu. Basi si bora tuchukue lenye nguvu?"

Hesabu yake ilikuwa sawa. Nilitafuta kosa ndani yake sikuliona. Nilisema, "Basi."

Neno moja. Meneja alinishika bega, akaingia ofisini na yule mama kuanza maandishi. Nilibaki kwenye kokoto na shemeji. Hatukutazamana. Nikainama, nikaibeba nira begani kama nilivyozibeba siku zote, nikageuka kwenda garini.

Grisi aliinama ghafla. Anainama kila nikigeuka na nira, kwa sababu miaka ile ya nyuma niliwahi kumgonga nayo kisogoni kwa bahati mbaya, na dada yake alicheka mpaka akakaa chini. Aliinama, na nira ikapita mbali kabisa na kichwa chake. Haikumkaribia.

Akanyanyuka polepole.

"Shemeji," akasema. "Hii kitu imefupika?"

Nilisimama. Nikaiteremsha, nikaishika katikati kwa mikono miwili. Ilikuwa nene. Nzito, fupi, imelika pale mnyororo wa jembe unapofungwa.

"Hii ni ya kulimia," nikasema.

Aliye na ng'ombe anajua. Nira ya kulimia ni fupi, ng'ombe wakae karibu wavute kwa pamoja. Ya kupalilia ni ndefu, kila ng'ombe ashike njia yake na mmea upite katikati salama. Mimi shambani nilipimia ile ndefu. Kwenye gari nilipakia fupi. Mke wangu ndiye aliyezitundika: ya kupalilia msumari wa mlangoni, ya kulimia msumari wa ndani. Mkono wangu haukuwahi kufikiri, unafika mlangoni tu unachukua. Siku ile ya kupima nilizishusha zote mbili, nikazirudisha mwenyewe, na sijui ipi niliitundika wapi. Tangu aondoke, banda lile halina mwenyewe.

Nikaingia ofisini na nira begani. Meneja alikuwa ameshika kalamu.

"Weka kalamu."

"Baba?"

"Nimeleta nira siyo. Tunarudi nyumbani kuchukua yenyewe."

Aliangalia dari. "Baba, njia yote ile, kwa ajili ya gogo la ng'ombe?"

"Gogo?" Grisi alikuwa mlangoni. "Mjomba wako nakwambia, viatu vyako vya kwanza vya shule vilitoka kwenye gogo hilo. Vya pili pia, maana vya kwanza ulivitumbukiza chooni."

Yule mama alitoa futi ya chuma kwenye droo, akanipa kwa mikono miwili. "Mzee wangu, si tupime kwa hii?"

"Itapima trekta, mama. Michungwa yangu haiko hapa."

Akaitikia kwa kichwa, akairudisha. "Kweli. Kesho nafungua mapema."

"Nimeacha mizigo ya watu leo," Meneja akalalamika.

"Utaiacha na kesho."

"Na kama hata hiyo ndefu haitoshi?"

"Hapo ndipo utashika kalamu. Siyo kabla."

Tulipofika niliingia bandani kabla ya kunywa maji. Nira ya kupalilia ilikuwa msumari wa ndani, nilikoitundika mwenyewe. Niliichukua nikaenda nayo kwenye michungwa tena, na Meneja nikamwita. Nilitaka aone kwa macho yake. Akapiga magoti chini ya matawi, akaweka ngumi huku, akaweka ngumi kule. Maua yalikuwa yameanza, yakamwagika mgongoni mwake. Alikaa pale chini zaidi ya haja ya kupima. Sikumharakisha.

"Nilikuwa sijaja huku tangu mazishi," akasema.

"Najua."

Kesho yake tulirudi yadi. Nira ilitokeza nje ya pikapu, tukaifunga kitambaa chekundu nyuma. Safari hii nilimpa Meneja aipime mwenyewe. Akaanza na kubwa, kwa sababu ni mbishi, kama mtu ninayemfahamu. Magurudumu yakatokeza. Akaenda kwa dogo, akailaza, akainama, akazunguka upande wa pili, akainama tena.

"Linapita," akasema. Hakuonekana kukasirika. "Linapita na nafasi inabaki."

"Na hiki chuma cha juu ya kichwa kinakunjwa," akasema yule mama, "kwa ajili ya matawi. Ukitoka mitini unakisimamisha tena, kikulinde trekta likipinduka, usije ukajisahau."

"Hili," nikasema.

Meneja alifuta mikono kwenye suruali. "Na shamba la chini je? Umesikia alivyosema, litachimba shimo lake."

Hilo nilikuwa nimelilalia usiku kucha. "La chini nakupa wewe."

"Unanipa?"

"Kodi trekta kubwa mara moja kwa msimu, lima, lipa, liende zake. Mahindi ni yako. Unga nitakuja kukuomba."

"Mashallah!" akasema Grisi. "Meneja amepata shamba, sasa atatafuta wa kumwamrisha."

Meneja hakucheka. Alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, mimi sikuwa na ugomvi na miti. Nilitaka upumzike. Uwe na dereva, ukae."

"Nitakaa," nikamwambia. "Si lina kiti?"

Hapo ndipo alipocheka. Akaenda kuitafuta ile kalamu mwenyewe.

Grisi alinifundisha kuendesha, uwanjani mbele ya nyumba. Nilivunja mlango wa banda la kuku na ndoo moja. Kila nikitaka kusimama nilimwambia trekta "Oo! Oo!" kama ng'ombe, likaendelea kwenda. Grisi alikuwa hana mbavu. Aliniambia hili lina breki, shemeji, halina masikio.

Siku nilipokuwa tayari kwa michungwa walikuja wote wawili. Meneja alikwenda moja kwa moja kusimama mbele ya trekta, kwenye mdomo wa mstari, mkono juu, aniongoze. Amefanana na mama yake mgongo. Sikuwahi kuliona hilo.

"Toka hapo," nikamwambia.

"Nikuelekeze, Baba. Ni pembamba."

"Naona ni pembamba. Mbele paache wazi."

Alinitazama, kisha mjomba wake akamvuta mkono, wakakaa pembeni.

Nilikunja kile chuma. Nikaweka gia. Nikaingia. Matawi yalinigusa bega huku na bega huku, hakuna lililovunjika. Nyuma majani yalikuwa yanakatika na kunuka mabichi. Nilitazama mbele muda wote, pale alipokuwa akitembea mke wangu. Palikuwa na njia tu.

Mwisho wa mstari nilisimama kidogo. Kisha nikakata kulia, nikaingia mstari wa pili.