Sabini ya Hilari

Kaka yangu Hilari alikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ya misheni pale Goweko, lakini kwa mwaka mzima watu hawakumwita mwalimu. Walimwita Sabini. "Sabini, umeamkaje?" "Sabini, mbona leo umechelewa misa?" Hata watoto aliowafundisha kuandika namba waliitana jina hilo nyuma ya shule na kucheka hadi wakaanguka. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, maana yeye hakujua kukasirika. Leo natamani nisikie mtu mmoja tu akiliita jina lile, nigeuke nimwone kaka anakuja na baiskeli yake isiyo na kengele, akipiga mluzi ili kuku wapishe njia.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitler. Hilari alikuwa ameshafundisha muda mrefu kwa cheti chake kidogo, na alitaka kwenda chuo kikubwa huko Uganda, ng'ambo ya ziwa, arudi na diploma. Hakuwa ameoa. Ukimuuliza, alisema anangoja chuo, kana kwamba chuo ni mchumba. Ili uchukuliwe ilikupasa kufanya mtihani Tabora mjini, na alama zilizotakiwa zilikuwa sitini kwa mia.

Padri alimpatia karatasi za mitihani ya nyuma. Jumamosi mchana Hilari alikaa barazani na saa ya mezani mbele yake, akajibu maswali, kisha akajisahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu bila kujionea huruma. Mara ya kwanza alipata hamsini na nane. Wiki iliyofuata sitini na moja. Nikampigia vigelegele.

"Tulia, Leonia," akaniambia. "Hapa nipo barazani, nimeshiba, na wewe umeniletea maji. Kule darasani joto litakula alama zake, woga utakula zake, na lile swali moja nisilolielewa nalo litakula. Nikilenga sitini nimekwisha. Nitalenga sabini, ili hao wote wakishakula, zibaki za kunivusha ziwa."

Nikaona ana akili sana kaka yangu. Akaandika 70 kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba chake. Ingebaki pale nyuma ya mlango, maisha yetu yote yangekwenda kwa utulivu.

Lakini lazima nikueleze kuhusu Baba. Baba yetu, Mzee Limbu, alikuwa mpagazi enzi za misafara, kabla reli haijafika kwetu. Kijana wa miaka ishirini au chini yake, alibeba pembe ya ndovu begani kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Safari hiyo moja ilimtosha maisha yake yote. Alitusimulia vijito vyote alimokunywa maji, na namna begani palivyochubuka, pakapona, pakachubuka tena, mpaka pakaota sugu ngumu kama kisigino. Tulipokuwa wadogo alituruhusu tuishike kwa zamu.

Katika msafara wao kulikuwa na desturi. Alfajiri ya kuondoka kila mpagazi alisimama mbele ya wenzake akataja mahali atakapoutua mzigo wake. Ukishataja, basi. Aliyeutua kabla ya hapo alitungiwa wimbo, na wimbo huo ulifika kijijini kwao kabla yake. Baba alitaja Bagamoyo, na Bagamoyo ndiko alikoutua. "Kama hamniamini, muulizeni Ngollo wa Choma," alikuwa akisema. "Njia nzima alikuwa nyuma yangu, ananihesabia nyayo." Hakuna aliyefunga safari ya Choma kumuuliza Ngollo. Walimwamini. Ndiyo maana kwenye pombe ya kulima kibuyu cha kwanza kilipelekwa kwa Baba, kabla hata ya mwenye shamba kuonja.

Mvua zilipoanza, majirani walikuja kutusaidia kulima shamba letu la karanga. Katikati ya kazi Baba akaegemea jembe lake, akapaza sauti kila mtu asikie.

"Wewe Hilari! Huo mtihani wako, mzigo utautua wapi?"

Hilari alikuwa amelowa jasho, amechangamka kwa nyimbo za kulima, akajibu kwa mzaha, "Sabini, Baba!"

Shamba zima likapiga kelele za furaha. Baba hakucheka. Alimtazama mwanawe, akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika, akarudi kwenye jembe. Hakuna aliyeuliza habari za sitini. Kuanzia siku hiyo mtihani wa Hilari ulikuwa mtihani wa sabini, na ungetaka kuwaambia watu vinginevyo ungepoteza mate yako bure.

Alikwenda Tabora kwa treni, akafanya mtihani, akarudi. Miezi ikapita. Barua ikafika stesheni siku ya gulio, wakati mbaya kuliko yote. Hilari aliifungua palepale kwa sababu karani wa stesheni na watu wa gulioni walikuwa wametuzingira.

"Enhe, Sabini! Umepata ngapi?"

"Sitini na nne," akasema, na uso wake ulikuwa unaanza kutabasamu, maana barua ilisema amechukuliwa, ajibu upesi, aripoti chuoni mwanzo wa muhula.

"Pole sana, mwalimu," karani akamwambia.

Tabasamu lile sikuliona tena kwa siku nyingi. Hadi tunafika nyumbani habari zilikuwa zimetutangulia. Mama Bernadeta, jirani yetu, alikuwa ameshafika na unga kwenye ungo, amekaa chini kwenye mkeka, shavu mkononi, kama mtu aliyekuja msibani. Wengine wakafuata. Walileta mboga, walileta kuni. Walimpa mkono kaka yangu na kumwambia ni mipango ya Mungu. Nikawaeleza kwamba amefaulu, wanaotakiwa ni wa sitini, yeye ana ziada! Wakanitazama kwa huruma, wakijua mdogo mtu anamfichia kaka yake aibu. Nilitaka kuwafukuza wote kwa mwiko.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Hilari naye alianza kuwaamini. Siku ya tatu aliniambia atawaandikia wale wa chuo asiende, afanye mtihani tena mwakani.

"Una wazimu?" nikamwambia. "Mlango uko wazi, wewe unarudi ukabishe hodi upya?"

"Nilisema sabini, Leonia. Nilisema mbele ya Baba. Mtoto wa Limbu hatui mzigo njiani."

Padri alikuja, akambembeleza, akamwonya kwamba nafasi ikipewa mwingine haitarudi. Hilari akamsikiliza kwa adabu na asikubali. Baba alikuwa amekaa pembeni anachonga mpini wa jembe. Tangu siku ya barua alikuwa hajasema neno, na nilimchukia kwa kimya kile. Nilidhani anamwonea aibu mwanawe.

Jumapili baada ya misa watu walikuja tena na pole zao. Ua ulijaa. Baba akaweka mpini chini, akasimama.

"Nina jambo," akasema. "Mimi pembe ile sikuifikisha."

Watu wakadhani hawakusikia vizuri.

"Mguu ulinivimba Mpwapwa. Nikaitua pembe, nikakaa chini nikalia. Mnyapara akampa mtu mwingine. Mimi nikaenda mikono mitupu mpaka Bagamoyo, na pwani nikaiona kama walivyoiona wenzangu. Nilijua hakuna atakayefunga safari ya Choma kuuliza, kwa hiyo nikawadanganya ninyi miaka yote hii." Akamgeukia Hilari. "Mwanangu, mwenye kutaja na mwenye kufika ni watu wawili. Mimi pembe sikuifikisha, lakini pwani nilifika. Wewe unataka kubaki Mpwapwa kwa ajili ya nini?"

Mama Bernadeta alikuwa wa kwanza kujifunga kanga na kuondoka, na wengine wakamfuata wakiwa hawajui wamtazame nani. Hilari alilia waziwazi, mtu mzima. Kisha akaingia ndani akaandika barua ya kukubali.

Siku ya safari Baba alikataa sanduku la Hilari lipakiwe kwenye baiskeli. Akalibeba begani mwenyewe kutoka nyumbani hadi stesheni, na lilikuwa zito, limejaa vitabu. Mara mbili Hilari alimsihi, "Baba, tua kidogo upumzike." Baba hakutua. Alilishusha kwenye ngazi za behewa tu, akajipangusa jasho, akasimama pale mpaka moshi wa treni ukapotea upande wa Tabora. Nilimtazama nikashangaa kidogo, kisha nikasahau, maana nilikuwa nalia.

Hilari alirudi na diploma yake, akafundisha Tabora, akaoa. Lakini Baba aliyalipia maneno yale. Kwenye pombe ya kulima kibuyu cha kwanza kilikwenda kwingine. Alikaa mwisho wa mstari na vijana, akapokea kilichobaki, akashukuru. Watoto waliacha kumwomba hadithi ya Bagamoyo, na yeye hakuisimulia tena hata kwetu. Mjukuu wake alipotaka kushika sugu, alifunika bega kwa shuka. Mimi, naomba Mungu anirehemu, nilikuwa nikimwonea huruma mzee aliyedanganya.

Alifariki mwaka wa hamsini na tano, mwishoni mwa kiangazi. Tulikuwa bado kwenye matanga alipofika mzee mmoja mrefu, amekauka, ameshikwa mkono na kijana aliyetoka naye Choma. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaketi.

"Mimi ni Ngollo," akasema. "Nimechelewa. Habari zilinifikia zimezunguka sana."

Tulimpa maji na chakula. Alisimulia safari yao kama Baba alivyokuwa akiisimulia zamani, vijito vilevile. Nikashindwa kuvumilia.

"Babu, ile siku ya Mpwapwa, Baba alipoitua pembe, ni nani aliyeichukua?"

Mzee Ngollo akanitazama kana kwamba nimemtukana marehemu.

"Limbu? Aitue Mpwapwa? Binti, mimi ndiye niliyelala Mpwapwa na mguu uliovimba, yeye akaniombea kwa mnyapara nisiachwe. Asubuhi akachukua pembe yake na nusu ya mzigo wangu. Mpaka Bagamoyo nilikuwa nyuma yake. Limbu hakutua."

Nikamtafuta Hilari kwa macho. Alikuwa amekaa mlangoni, amesikia kila neno. Akafumba macho, mkono wake wa kulia ukipanda wenyewe kwenye bega lake la kushoto.

"Mimi ndiye niliyemwosha, Leonia," akasema. "Bega nililiona, na sugu yake. Nililiosha kwa mikono yangu, na bado nikaamini kwamba aliitua."