Kampuni ya reli ilichelewesha rates, penalty ikamwangukia shangazi yangu

Wakuu, assalaam aleykum. Mimi humu huwa nasoma tu nyuzi za wengine, lakini hii imenikaa kooni. Sikusimuliwa, nilikuwa pale pale.

Eeddo Habiba, dada yake baba, ana plot nje kidogo ya Garissa, njia ya kwenda Modogashe. Kampuni moja iliyokuja kupima njia ya reli ikaikodi kuegesha mitambo.

Wakakubaliana kwa mdomo: rates za plot, ile kodi ya ardhi ya kaunti, ni juu yao. Eeddo akabaki na kibanda chake cha maziwa ya ngamia pale mbele.

Hawakulipa. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia, penalty inapanda tu.

Asubuhi moja watu wa rates wa kaunti wakaja wakafunga kibanda. Mitambo? Haikuguswa, eti si mali ya mwenye plot! Maziwa yakaharibikia ndani.

Tukaenda kwa manager wa kampuni. AC inapuliza, tai shingoni, hata kiti hakumpa mama wa watu.

"Rates tutalipa," akasema. "Penalty ni ya mwenye title, mama."

"Nani alichelewa? Mimi au wewe?"

"Sheria ndiyo inasema hivyo."

Nilitaka kumrukia. Eeddo akanishika mkono. "Twende, eeddo." (Kwetu Wasomali shangazi na mtoto wa kaka yake huitana hivyo.)

Hakwenda nyumbani. Alinunua mnyororo na kufuli sokoni, akafunga geti la plot, mitambo yote ndani, akaketi hapo juu ya jerikeni. Madereva wakapiga honi hadi wakachoka. Manager akaja mbio, anatishia polisi.

"Ita bolisi," Eeddo akamwambia kwa lafudhi yetu ya Kisomali. "Wewe umesema benalty ni ya mwenye title, basi na blot ni yake. Mwenye title amefunga."

Kabla ya alasiri walikuwa wamelipa yote, na penalty juu, ndipo Eeddo akafungua geti.

Mnadhani iliishia vizuri? Baada ya muda wakahama, wakaacha plot imelowa oil chafu, hata mbuzi hawezi kulishwa hapo. Wateja wa maziwa nao walishahamia kwingine tangu kibanda kilipofungwa. Hakuna aliyesema hata pole. Wallahi nikiona gari lao mjini natema mate chini.

Nilichojifunza: ukikodisha plot kwa kampuni, andikisheni kwa wakili nani atabeba penalty. Na rates uende kuziulizia mwenyewe, usiamini tai ya mtu.

Wanasheria wa humu, kwa hiyo oil tunaweza kuwashtaki? Na nyinyi wengine, mngefungua lile geti? Semeni.