Winchi Alipanda, au Wenzake Walishuka?

Kaka yangu alizaliwa mkubwa, na hajawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Mama alikuwa akisema mimba yake aliibeba kama mtu anayehamisha kabati peke yake. Watoto wote tulilala chumba kimoja, na godoro letu lilikuwa na bonde upande wake. Ukilala jirani naye unabingirika mpaka unamfikia, utake usitake. Shuleni walimweka dawati la nyuma kabisa ili wenzake waone ubao, na nadhani ndiyo sababu yeye mwenyewe ubao hakuuona vizuri.

Alipoacha shule akapata kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, kupakua magunia. Wapakuzi wenzake walikuwa wakiyabwaga. Yeye alishusha gunia kutoka kwenye lori taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia mgongoni. Hapo wakamwita Winchi, kama ile mashine ya kushushia mizigo, na jina likamganda. Hata wifi yangu, mkewe, analitumia akikasirika. Akiwa na furaha humwita baba watoto, kwa hiyo ukipita dirishani kwao unajua hali ya hewa ya ndani bila kubisha hodi.

Kwenye ngumi alipelekwa na udadisi tu. Nyuma ya gereji kulikuwa na klabu, kama ilistahili kuitwa hivyo: ulingo wa mbao, kamba zilizoviringishwa mpira wa baiskeli, na mfuko wa mchanga ulioshonwa kwa turubai la lori. Aliyefundisha pale alikuwa mzee mmoja mkavu tuliyemwita Mwalimu, mtu ambaye maneno yake ungeweza kuyafunga kwenye ncha ya kanga. Alimzunguka kaka yangu kama anakagua ng'ombe mnadani, akamwambia arudi kesho yake. Alirudi, akarudi tena, ndiyo ikawa.

Mwanzoni alishinda mapambano machache ya hovyo. Kisha wakampambanisha na mtu wa machinjioni, Mkata Nyama, ambaye wakati huo alikuwa moto wa kuotea mbali. Nilikuwepo. Kaka yangu alisimama vizuri mpaka raundi ya tatu, halafu sikuona kilichotokea, niliona tu amelala na mguu mmoja unakunjika na kukunjuka kama unatafuta baiskeli. Mama alitoka ukumbini kabla mwamuzi hajamaliza kuhesabu, akaapa kwamba mwanawe hatarudi tena pale.

Akarudi. Karibu mwaka mzima alikuwa na Mwalimu tu, hapigani na mtu. Alipopanda ulingoni tena alikuwa mtu mwingine. Kwa miaka mingi hakuna aliyemweza katika uzito wa juu, mji mzima na miji ya jirani. Mkata Nyama alirudiana naye, safari hii akakaa chini mwenyewe. Waliofuata hawakufika hata raundi ya nne. Ikawa utani mitaani kwamba ukitaka kumwona Winchi akipigana usisimame mlangoni kununua karanga, maana utakuta watu wanatoka.

Baadaye magoti yakamchosha, akaacha ngumi, akabaki na mashine ya kusaga. Siku hizi habebi mizigo. Anasimamia mkanda na injini, anarudi jioni mweupe wa unga mpaka kwenye kope. Mwalimu alishafariki. Klabu ikahamia jengo lenye bati zima na taa zinazowaka, na ikapata katibu kijana, mwenye simu mbili na haraka nyingi. Mwaka jana katibu huyo akaja nyumbani kwake kumwomba awe kocha.

Wifi alifurahi kuliko aliyeombwa. Alishachoka kumwona mumewe akikaa kibarazani jioni, anatazama mikono yake kama mtu aliyepewa vyombo asivyojua vinapikia nini. Lakini kaka yangu akakataa. Katibu akarudi mara nyingine, akakataa tena. Ukimuuliza sababu, anasema amezeeka. Mtu anayeinua injini ya mashine ili ufagio upite chini yake, amezeeka.

Sababu tuliijua kwa kupitia kinyozi.

Siku moja kaka yangu alikwenda kunyoa ndevu. Kinyozi alikuwa amemlaza kwenye kiti, amemfunika uso wote kwa taulo la moto, akaingia fundi pancha wa jirani kuchaji simu yake. Yule ni mtu asiyeweza kuona kimya bila kukijaza. Ukutani mwa kinyozi kuna picha ya zamani ya Winchi akiwa ameinua mikono, na fundi pancha akaanza nayo. Akasema watu wanamkuza bure. Akasema Winchi hakupanda kiwango hata kidogo, wenzake ndio walioshuka. Wanaume wa kweli walikuwa wameshazeeka, wengine wamehama, akabaki anapiga mikia. Kinyozi akabisha. Akasema yeye aliona kwa macho yake jinsi miguu ilivyobadilika baada ya kile kipigo. Hapo hapo akawa anakohoa na kukonyeza kuelekea kwenye kiti, lakini fundi pancha alidhani amepaliwa.

"Zama zile," akasema fundi pancha, "hata mimi ningemkosesha usingizi."

Taulo likaondoka lenyewe. Kinyozi anasema fundi pancha alikauka na chaja mkononi, akaanza kumwamkia mtu aliyemkuta pale dakika nyingi zilizopita. Watu waliokuwa kwenye benchi walisogeza miguu yao wapate nafasi ya kukimbia.

"Endelea," kaka yangu akamwambia. "Na mimi nataka kujua."

Kisha akalala tena anyolewe. Hiyo ndiyo habari iliyozunguka mtaa mzima, na wengi waliicheka. Wifi hakucheka. Alinijia akiwa na uso wa mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Akaniambia mumewe anasukuma sahani, halali, na picha zote za ngumi amezishusha ukutani akasema zinaleta vumbi.

"Wifi, nenda ukazungumze naye wewe," akasema. "Mimi nikimuuliza ananijibu kuhusu mkanda wa mashine."

Nikamfuata kazini, wakati wateja wamepungua. Akazima injini, tukakaa juu ya magunia matupu. Nilimwambia mtu mzima hawezi kususa chakula kwa sababu ya maneno ya muuza viraka. Akasema fundi pancha hakumwambia jambo jipya. Alilisema tu kwa sauti.

Ndipo akanieleza habari ambayo hata mkewe alikuwa haijui. Wanaume wazito hawakuwa wengi. Viongozi wa klabu wa enzi zile wakikosa mpinzani walichukua mtu wa uzito wa chini, asubuhi ya kupima wanamnywesha uji na maji mpaka mizani ikubali, na usiku huo anapanda ulingoni. Yeye hakuambiwa. Alijua mwenyewe, kwa sikio.

"Nilimpiga mmoja tumboni," akasema, "nikasikia maji yanacheza ndani kama kwenye debe. Akanitazama. Alijua nimesikia."

Nikataka kucheka, nikamwona uso wake, nikaacha.

"Baada yake nikawasikia na wengine. Sasa niambie, mdogo wangu. Kama kweli nilipanda, basi kuna kitu ninakijua, naweza kumpa mtu. Kama nilikuwa napiga madebe ya maji, nitasimama mbele ya watoto wa watu nifundishe nini? Kunenepa?"

Hapo nikaelewa alichokuwa akikitazama kwenye mikono yake kila jioni. Nikamuuliza Mwalimu alisemaje. Akasema Mwalimu hakusema kitu, alikuwa anaamuru tu, fanya hivi, fanya vile, usiulize. Kinyozi naye ni shabiki, ukimuuliza atakusifu mpaka viatu. Nikafikiri, nikamwambia yuko mtu mmoja tu wa kuulizwa: yule aliyepigana naye mara mbili, kabla na baada. Kaka yangu akatazama sakafu. Akasema amewahi kufika mpaka kona ya bucha la yule mtu, akarudi.

"Leo hurudi," nikamwambia. "Mimi nataka kununua nyama."

Mkata Nyama siku hizi ana bucha lake, lenye vigae vyeupe na redio juu ya friji. Amekuwa mzee wa tumbo na miwani. Alipotuona mlangoni alishusha shoka juu ya gogo, akafuta mikono kwenye aproni.

"Winchi. Na umekuja na mlinzi," akasema, akinitazama mimi. "Shemeji, karibu. Huyu alinitoa jino, lakini wewe nitakupa nyama nzuri."

Kaka yangu hakuzunguka. Alimuuliza pale pale, mteja mwingine akisubiri utumbo: pambano la pili, mimi nilikuwa nimepanda au wewe ulikuwa umeshuka?

Mkata Nyama alimhudumia mteja kwanza. Alipima, akafunga, akarudisha chenji. Nilimwona kaka yangu amesimama kama mtoto anayesubiri matokeo. Kisha yule bwana akajaribu kuinua mkono wake wa kulia. Ukaishia usawa wa sikio, ukakataa.

"Hili bega," akasema. "Lilikufa kabla ya pambano la pili. Kutundika nusu ng'ombe kila alfajiri. Nilipanda ulingoni nikijua mkono wangu mzuri haufiki juu. Nilishuka, ndugu yangu. Sitakudanganya."

Kaka yangu akaitikia kwa kichwa. Akageuka kabisa aondoke. Nilitamani lile bega lingekufa pamoja na mdomo wa mwenyewe.

"Sijamaliza," Mkata Nyama akasema. "Unajua kwa nini mara ya kwanza nilikulaza? Kila ulipotaka kurusha mkono wa kulia, uliinua kidevu. Hivi, kama mtu anayetafuta saa ukutani. Niliona raundi ya kwanza. Raundi ya pili nikahakikisha. Ya tatu nikakusubiri hapo hapo. Basi mara ya pili nikaja na mpango ule ule. Nilisema mkono mmoja unatosha, kidevu chake kitakuja chenyewe. Nikasubiri. Nikala ngumi nasubiri. Hakikuja. Bega langu lilikuwa bovu, sawa, lakini hata lingekuwa zima, lingepiga wapi?"

Kaka yangu alibaki amesimama, mkono kwenye kidevu.

"Hao wengine siwajui wote," Mkata Nyama akaongeza. "Wengine niliwajua, walikuwa wa kuletwa wapigwe. Usijidanganye na hao. Lakini kile kidevu nani alikuondolea?"

"Soksi," kaka yangu akasema.

Nikakumbuka, na nilicheka pale buchani mpaka nikashika kaunta. Ule mwaka wa mafunzo, Mwalimu alimpa soksi iliyoviringishwa, akaamuru aibane chini ya kidevu kutwa nzima, kazini na nyumbani, isidondoke. Hakusema ni ya nini. Kaka yangu alibeba magunia na soksi, alijibu salamu kwa kuguna. Mama alidhani ameota uvimbe shingoni, akawa anamkanda kwa maji ya chumvi, na yeye anaogopa kusema. Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni alikwenda nayo. Aliposhika mkono wa baba mkwe akataka kutamka jina lake, soksi ikadondoka miguuni mwa mzee. Wifi anasema baba yake hakuuliza kitu. Aliiokota, akamrudishia, akamkaribisha kiti.

Miaka yote kaka yangu aliamini ilikuwa adhabu ya kupigwa. Mwalimu alikufa bila kumwambia kwamba lilikuwa somo.

Tulirudi kwa miguu. Sikumsemesha, nilikuwa nimebeba nyama niliyopunjwa kwa heshima. Karibu na kwake akasema kwamba basi ni vyote viwili. Nikasema ndiyo, ni vyote viwili, na fundi pancha ana nusu yake. Akasema nusu iliyobaki inamtosha.

Kesho yake alikwenda klabuni na nguo zake za unga, akamwambia katibu anakubali. Ila wachezaji wake hawatatafutiwa mtu wa kupigwa, na siku ya kupima atasimama yeye mwenyewe kando ya mizani. Katibu akamwambia, mzee wangu, hivyo klabu itapoteza mapambano, na klabu inayopoteza haipati watazamaji.

"Tutapigwa, ndiyo," kaka yangu akamjibu. "Lakini tutajua tumepigwa na nani, na kwa nini."

Na wamepigwa. Kijana wake wa kwanza wa uzito wa juu alipoteza kwa pointi nyingi tu, katibu akanuna wiki nzima, na fundi pancha akapata kazi ya kusema kwamba Winchi hajui kufundisha. Kaka yangu alimleta yule kijana kwangu kunywa chai, jicho limevimba kama kitumbua. Akaweka kikombe pembeni, akasimama katikati ya chumba changu, akaanza kumwonyesha: hapa ulifungua kiwiko, ndiyo maana alikuingia ubavuni, ni kwa sababu unaogopa hili, tutafanya hivi, na faida yake ni hii. Kijana akauliza, akajibiwa. Akauliza tena, akajibiwa tena. Chai ikapoa. Mwishowe nikawaambia wasogeze meza kabla hawajanivunjia vyombo, wakaisogeza, wakaendelea.