Ng'washi na Mfuko Mweupe

Pale Mkuyuni, ukimwambia Ng'washi umeshiba anakuona mwongo. Ni mama lishe anayekuongezea ugali huku unakataa, na usipomaliza ananuna. Mimi ni mteja wake, na kitambi changu ni ushahidi.

Sasa mdogo wake, Masele, utumbo ulijisokota. Madaktari walimpasua, wakakata kipande kilichooza, wakakataza asile wala asinywe mpaka ndani kupone. Naye alikuwa amekwisha kukonda vibaya. Wakawa wanamlisha kwa mshipa, kutoka kwenye mfuko mweupe kama maziwa, tone kwa tone.

Ng'washi alifika na hotpoti ya samaki, ikabaki kwa mlinzi. Akakaa kitandani akiyatazama yale matone, roho inamuuma. Hivi mwanaume mzima atashiba hivyo? Muuguzi alipogeukia mgonjwa mwingine, akanyoosha mkono, akafungua kigurudumu kinachobana mpira wa dripu. Matone yakawa mchirizi.

Muuguzi mwenyewe, Sista Odeta, aliwahi kuufunga.

"Mama! Unataka kumuua?"

"Namlisha mdogo wangu! Ninyi mnamnyima!"

"Mwili uliokaa na njaa ukiushibisha ghafla, moyo unaweza kusimama."

Ng'washi akaurudisha mkono. Akauliza kwa sauti ndogo humo mfukoni mna nini.

"Sukari, ndiyo ugali wake. Protini, ndiyo samaki wake. Na mafuta. Tunapima damu, ndipo tunajua leo kipi kiongezwe, kipi kipunguzwe."

Aliukodolea macho ule mfuko. Miaka yote amepika kwa kukadiria. Hapa watu wanaandaa chakula kisicho na harufu, kisichopita mdomoni, na damu ndiyo inayosema imetosha. Alishangaa mpaka akasahau kugomba, jambo ambalo sisi wa Mkuyuni hatujawahi kuliona. Kila siku alikwenda, akakaa akitazama mashavu ya Masele yakirudi polepole.

"Mungu ni mkubwa," alituambia, "na wale watu wana akili ya kutisha."

Asubuhi moja Masele alimvuta kitenge.

"Dada, nina njaa."

Ng'washi alilia kwa sauti, wodi nzima ikageuka. Daktari alipomkagua Masele na kuruhusu, Sista Odeta alimkabidhi Ng'washi kikombe cha uji mwepesi. Akachota nusu kijiko, akakifikisha karibu na mdomo wa mdogo wake, kisha mkono ukasita. Akamgeukia muuguzi.

"Sista, huu si mwingi?"