Nilipanda mikaratusi kwa chemchemi ya mama mkwe, akahamia tangi langu

Wakuu, heshima zenu. Hii nasema vile ilikuwa, bila chumvi, hata kama inanivunjia jina.

Kwa wasionijua: shule niliachia darasa la tano, leo nina rental hapa Migosi. Biashara mimi nainusa tu.

Nikaona bakery, hoteli, shule, wote wanatafuta kuni. Nikasema wengine wauze kuni, mimi nitalima kuni.

Baba mkwe ana shamba upande wa Muhoroni. Akaniachia ile sehemu ya chini yenye unyevu. Nikajaza mikaratusi.

Mke wangu akauliza, "Baba Akinyi, hapo si ndipo mama anachota maji?"

"Wewe, mti ni mazingira! Umewahi kusikia mti umeharibu mazingira?"

Miti ikapanda kama imeitwa juu. Nikapiga selfie, nikaleta wageni waone.

Kumbe mkaratusi hunywa maji kama mtu ametoka matanga. Chemchemi ikawa tope. Tope ikawa vumbi.

Asubuhi moja niko na vest, nakunywa chai, nasikia kwa gate: "Nyar'a, binti yangu! Nimekuja kuchota!"

Mama mkwe. Na mitungi.

Wasio Wajaluo mtuelewe: kwetu mama mkwe haji kwako hivi hivi, na hamkai macho kwa macho. Nikatoka na mlango wa jikoni, nikajificha nyuma ya tangi.

Kumbe hapo kwa tangi ndipo alikuwa anakuja.

Hakunitazama. Aliongea na tangi: "Miti ya mtu fulani imekunywa yangu. Na mimi nakunywa yake."

Niliruka ukuta na vest.

Akawa anarudi kila mara. Wapangaji wangu wanapiga kelele: "Landlord, ruka! Mama amefika!"

Halafu siku moja akashuka na godoro. "Leo nalala hapa mpaka maji irudi."

Mama mkwe alale kwa mkwewe? Huo ni mwiko, wakuu. Kabla avue viatu nilikuwa njiani kwenda Muhoroni na power saw. Aliposikia kwa simu miti inaanguka, akabeba godoro lake.

Nikakata yote, nikang'oa na visiki, maana hii kitu huchipuka tena. Mvua ilipokuja, chemchemi ikaanza kutoa machozi kidogo kidogo.

Kuni bado nalima, lakini juu kwa mawe, mbali na maji. Pesa iko, msidanganywe. Uliza tu kwanza mti wako utakunywa ya nani.

Wenye mikaratusi karibu na maji, semeni hapa yaliyowapata. Wakwe zenu pia.

Mtungi mmoja aliuacha nyuma ya tangi langu. Hakuna mtu ameugusa.