Maji ya Saa Tisa

Watu wa Kola wanamjua Nzilani Kisilu kama Mama Kyalo. Wengine, ambao hawajawahi kumwona ana kwa ana, humwita Mama Mawingu. Ana miaka arobaini na mitatu, anauza mbegu na dawa za mifugo pale sokoni, na huu ni mwaka wa sita anaendesha tovuti ya dhoruba za Machakos na kurasa zake za mitandaoni: wingu limetanda wapi, mvua ya mawe imepiga shamba la nani, mto gani umeshuka na mafuriko. Mwanzoni alijiandika kuwa ni mfukuza dhoruba. Wiki hiyo hiyo akina mama wawili wakamfuata dukani.

"Kumbe ni wewe unafukuza mvua?" mmoja akauliza. "Sisi tunaiomba kanisani, wewe unaifukuza na pikipiki."

Akabadilisha neno. Tangu siku hiyo yeye ni mfuata mvua.

Ana sheria moja, na anaishika kama kiapo: haandiki jambo ambalo halikuonwa kwa macho yake, au kwa macho ya mtu anayemjua kwa jina. Mitandao imejaa watu wanaookota picha ya mafuriko ya nchi nyingine na kuipachika jina la Mwala, ili wapate kusifiwa. Huo ni wizi. Mtu anaibiwa hofu yake bure, na siku ya hatari ya kweli hana tena hofu ya kutumia. Nzilani hajawahi kumwibia mtu hofu.

Alhamisi moja ya Novemba, saa saba mchana, alisimama kwenye kilima juu ya Kola na wingu mbele yake. Lilikuwa mlima juu ya mlima. Kichwa chake cheupe kilikuwa kimetandazwa bapa kana kwamba kimegonga dari ya mbingu, na tumbo lake lilikuwa jeusi lenye kijani kidogo, kama jiwe lililotoka mtoni. Umeme ulikuwa ukitembea ndani yake bila sauti. Kisha likafunguka, na kilima cha pili kikatoweka. Nzilani alivua kofia ya pikipiki, kama mtu aliyeingia kanisani. Miaka sita, na bado hakuwa amelizoea.

Aliijua tabia ya mto wa mchanga unaoanzia hapo, ambao hukaa mkavu hadi mvua inyeshe. Mvua ikinyesha huku milimani, maji huchukua karibu saa mbili kufika Muthetheni, kule chini, na huko yanafika jua likiwaka. Akaandika: "Mvua kubwa sana Kola. Mto utashuka Muthetheni saa 9. Msiwe mchangani." Akatuma, akawasha pikipiki, akashika barabara ya kuteremka. Hakuwa amewahi kukipiga picha kichwa cha maji, lile wimbi la kwanza la mafuriko, kikifika. Leo angekipata.

Alifika kivukoni saa tisa kasorobo. Mbingu ilikuwa safi. Chini, katikati ya mto mkavu, Warfa, mfanyabiashara wa mifugo kutoka mjini, alikuwa akinywesha mbuzi wapatao arobaini kwenye visima vya mchangani. Karibu naye bibi Mutindi alikuwa akijaza mitungi ya punda wake kwa kikombe, polepole.

"Warfa," Nzilani aliita kutoka ukingoni, "hukusoma?"

"Nimesoma, Mama Kyalo. Ndiyo maana niko hapa." Akainua simu. "Umeandika saa 9, nami nahesabu kwa saa ya simu. Sasa imeandika mbili na arobaini na tano. Tisa ya asubuhi imepita. Imebaki ile ya usiku. Niko na mchana mzima."

Nzilani alilirudia andiko lake kichwani. Alikuwa ameandika tarakimu tupu, bila kusema ni ya mchana.

"Ni tisa ya mchana. Ni sasa. Tokeni."

Warfa alitazama juu, akacheka. "Na jua hili? Mwaka jana ukurasa mwingine ulinikimbiza, nikapoteza mbuzi watatu msituni, na mto haukutoa hata mate. Wako haukosei. Ndiyo maana nimewateremsha."

Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Imani yao kwake ndiyo iliyokuwa imewaweka mchangani.

"Leo ukurasa umekosea," akasema. "Mimi ndiye nimekosea. Nimeandika vibaya. Warfa, nakuomba."

Bibi Mutindi alinyoosha mgongo. "Mwiitu, binti yangu, wewe umekubali kosa mbele ya watu?"

"Nimekubali, susu."

"Basi ni kweli," bibi akasema, na akamshika punda kamba, akaiacha mitungi.

Warfa hakucheka tena. Alipiga mluzi. Nzilani alikuwa tayari ameteremka, akisukuma mbuzi kwa mikono na kwa magoti. Ndipo upepo baridi ukaja kutoka juu ya mto, wenye harufu ya udongo mbichi, na mbuzi wote wakainua vichwa kwa pamoja. Baada ya hapo hawakuhitaji kusukumwa. Mtoto mmoja wa mbuzi alibaki akilia kisimani. Nzilani akamkumbatia, akapanda ukingo akiteleza.

Mlio ulitangulia, kama malori mengi yanayomwaga kokoto. Kisha kichwa cha maji kikatokea kwenye kona. Kwa macho hakikufanana na maji. Kilikuwa ukuta wa kahawia, wenye povu, vigogo na mizizi, ukitambaa juu ya mchanga mkavu na kuumeza. Visima vilitoweka. Mitungi ilirushwa juu mara moja, ikaenda. Ardhi ilitetemeka chini ya viatu vyao, na angani hakukuwa na tone la mvua. Warfa alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Simu ya Nzilani ilikuwa mfukoni, na mikono yake ilikuwa imejaa mbuzi.

Baadaye sana, wakiwa wameketi, alianza kuandika.

"Futa tu ile ya kwanza," Warfa akamshauri. "Hakuna aliyekufa. Nani atajua?"

"Aliyeisoma atajua vipi kwamba alisoma kosa?"

Aliiacha pale ilipo. Juu yake akaandika kwamba saa aliyoitoa haikueleweka, kwamba watu wawili walikuwa mtoni kwa sababu yake, na kwamba kuanzia leo saa zitaandikwa kwa maneno. Kabla ya kutuma, akampa Warfa simu.

"Soma. Niambie umeelewa nini."

Warfa alisoma akisogeza midomo. "Hapa umesema mto umeshuka saa tisa. Ongeza 'mchana'."

Akaongeza.

"Sasa hata mbuzi angeelewa," Warfa akasema. "Tuma."